Huku Mngazija, Kule Mzanzibari

Kuna orodha ya majina matano ambayo imezunguka dunia. Ilitoka kwenye kitabu cha taarifa za nchi cha CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na kila aliyeikuta ameinakili kama alivyoikuta. Uliza Visiwa vya Komoro vina makabila gani, utajibiwa: Antalote, Cafre, Makoa, Oimatsaha, Sakalava. Hakuna asilimia, hakuna maelezo, wala hukuambiwa nani anakaa kisiwa kipi.

Niliisoma usiku, nimejilaza na simu, wiki moja kabla ya safari yangu ya kwanza ya Moroni, mji mkuu wa Komoro. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, mtu wa asili ya huko. Ndivyo tulivyokua tukijua pale mtaani kwetu Unguja, na nilitaka nimwone yumo wapi katika hayo matano. Sikumwona. Nikayasoma tena polepole, na nilipofika la pili nikakaa kitako. Cafre. Hilo ni kafiri, neno la Kiarabu lililopita midomoni mwa Wareno na Wafaransa likarudi limevaa kofia. Nchi ambayo takriban watu wake wote ni Waislamu, Masunni wa madhehebu ya Shafii kama sisi, nchi iliyotuletea Unguja kadhi mkubwa kama Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Itsandra wa mwaka 1861, halafu mojawapo ya makabila yake linaitwa Makafiri! Bibi angesikia angevuta tasbihi akaniambia nizime simu nilale.

Basi sikulala. Nikaanza kuyafungua majina yale moja moja, kama mtu anayepekua sanduku la marehemu.

Antalote ni Antalaotra, neno la Kimalagasi, maana yake watu wa baharini. Ndivyo watu wa Madagaska walivyowaita Waislamu wa majahazi waliofika pwani yao ya kaskazini-magharibi, watu wa damu mchanganyiko ya Kikomoro, Kiswahili, Kiarabu na Kimalagasi. Makoa ni Wamakua wetu, hao hao wa Masasi na Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma, ambao ndugu zao walikamatwa na kupakiwa vyomboni kwenda kutumikishwa visiwani katika karne ya 19. Sakalava ni watu wa Madagaska magharibi. Na Oimatsaha? Hilo lilinitoa jasho, mpaka nilipolitamka kwa sauti. Wa-matsaha. Watu wa shamba. Huko Nzwani, kimoja cha visiwa vya Komoro, ndivyo watu wa miji ya pwani, Mutsamudu na Domoni na Wani, wanavyowaita watu wa milimani, na hawawaiti hivyo kwa kuwasifu.

Yaweke pamoja sasa. Jina moja la chombo, moja la dini, mawili ya kule watu walikotoka, na moja la dharau ya mjini. Ni kama mtu aje Unguja aandike kwamba kisiwa kina makabila manne: Wavuvi, Washamba, Wanyamwezi na Wasiosali. Tena tazama majina hayo yana masikio ya nani: Antalaotra, Makoa na Sakalava yametamkwa Kimalagasi. Mimi sioni ajabu. Kuanzia mwaka 1912 hadi 1946 Wafaransa walivitawala visiwa hivi kama kipande cha koloni lao la Madagaska. Nahisi kuna karani aliyekaa Antananarivo akaandika watu wa ng'ambo kwa majina aliyoyasikia hapo alipo, na karatasi yake imeishi kuliko koloni lenyewe.

Nilifunga safari nikiwa na kiburi kidogo. Nilijiona najua kuliko orodha.

*

Moroni ni mji mweusi. Mawe yake ni ya volkano, kwa kuwa kisiwa cha Ngazija kimejengwa na volkano, kubwa kabisa ikiwa mlima Karthala, wenye mita 2,361, ambao mpaka leo ukikasirika unamwaga majivu. Juu ya weusi huo umekaa Msikiti wa Ijumaa wa kale, mweupe pe, na matao yake yanatazama bandari ndogo ya majahazi. Ukisimama pale jioni maji yakijaa, ukafumba macho, usikie watu wanaongea nyuma yako, utadhani uko Malindi. Ukiyasikiliza maneno ndipo unapogundua kwamba unaelewa neno moja, linakupita moja, unalidaka la tatu. Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, pamoja na Kipokomo na Kimijikenda. Lakini ndugu huyu alihama mapema na ana siri zake.

Sokoni Volo Volo nilinunua vanila kwa mama mmoja. Nilipompa pesa akasema, "Marahaba." Nikashtuka. Sikuwa nimemwamkia! Nikaona aibu, nikainama, nikasema "Shikamoo mama," na yeye akanitazama kama mtu aliyepewa pesa mara mbili. Kwao marahaba ni ahsante.

Niliyemfuata ni mama mkubwa, binti wa dada yake bibi. Alizaliwa Unguja, akasoma Unguja, akaondoka na wazazi wake baada ya Mapinduzi, miaka ile ya mwisho ya 1960 Wangazija wa Unguja walipobanwa kuhusu uraia wao na wengi wakafunga mizigo. Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe wa zamani, hakijaguswa na "poa" wala "fresh". Nilipofika mlangoni kijana wa jirani alipaza sauti kumwita: "Mzanzibari! Una mgeni!"

Nikacheka. Nikamwuliza, mama, zaidi ya miaka hamsini hapa na bado unaitwa Mzanzibari?

"Kila mtu hapa ana jina la mlango alioingilia," akasema. "Bibi yako kule alikuwa nani?"

"Mngazija."

"Na nani kakwambia bibi yako Mngazija? Mnzwani yule. Wa Domoni. Na mimi pia."

Hapo kiburi changu kikakaa chini. Kwetu Unguja mtu yeyote aliyetoka visiwa vile vinne ni Mngazija, iwe katoka Ngazija yenyewe, iwe Nzwani, Mwali au Maore, inayoitwa pia Mayotte. Hatuulizi zaidi. Tumechukua jina la kisiwa kikubwa tukalifunika juu ya wote, na bibi wa watu amekufa, amezikwa, akasomewa hitima, na jina la kisiwa ambacho si chake. Hata yeye mwenyewe alilikubali. Mama mkubwa alinieleza kwa nini, kwa mkato: kujieleza kunachosha. Na kulikuwa na nyakati ambapo kabila halikuwa jambo la kuelezwa bali la kuliwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula Unguja ulitofautiana kwa kabila, na mchele haukugawiwa sawa. Ukiulizwa kabila na mtu aliyeshika kibaba, unajibu kwa tumbo.

*

Majina ya milango, basi. Wiki mbili nilizokaa niliyakusanya, na hayamo hata moja katika orodha ya CIA.

Kuna Wazanzibari, nimeshasema. Kuna wanaoitwa "je viens", yaani Kifaransa cha "nakuja": hao ni watoto wa Marseille na Paris wanaoshuka kila mwezi wa saba na wa nane na masanduku makubwa, harusi zikashika kasi, bei ya samaki ikapanda.

Na kuna Sabena. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Sabena lilikuwa shirika la ndege la Ubelgiji. Mwezi wa Desemba 1976, katika mji wa Majunga, Madagaska, ambako Wakomoro walikuwa wamekaa vizazi kwa vizazi hadi wakawa sehemu kubwa ya mji, kulizuka ugomvi wa majirani. Ulianza na mtoto aliyejisaidia mahali pasipostahili. Kwa siku chache ukageuka mauaji. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya elfu moja, na maelfu kwa maelfu walionusurika, wapatao 16,000, wakarudishwa Komoro, wengi wao kwa ndege za Sabena. Nasema kurudishwa, lakini wengi hawakuwahi kuikanyaga Moroni; walikuwa wanaongea Kimalagasi nyumbani na mama zao walikuwa Wamalagasi. Wakateremka ngazi za ndege katika nchi iliyokuwa na mwaka mmoja na nusu tu wa uhuru, masikini, haina pa kuwaweka. Wenyeji wakawapa jina la kilichowaleta. Mpaka leo utasikia, fulani mama yake Sabena. Shirika lenyewe lilifilisika mwaka 2001, halipo tena. Kabila lake lipo.

Nilimsimulia mama mkubwa juu ya Sakalava wa kwenye orodha. Akasema sawa, damu yao imo, kwa nini isiwemo? Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa 19 watu wa Madagaska walikuja kwa mamia ya ngalawa kuteka watumwa visiwani. Huko Ikoni wanawake walijitupa majabalini kuliko kukamatwa. Kisha wengine wakaja kutawala. Mwali ilichukuliwa na Ramanetaka, mwanamfalme wa Kimalagasi aliyekimbia kwao, na binti yake ndiye Malkia Jumbe Fatima. Maore iliuzwa kwa Wafaransa mwaka 1841 na Andriantsoly, naye Msakalava. Hadi leo kuna vijiji vya Maore vinavyosema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi. Kwa hiyo orodha haikusema uongo kwa kila neno. Kosa lake ni kumweka kila mtu kwenye chumba chake, wakati watu hawa wamelala kitanda kimoja miaka elfu.

Na si maneno ya kupamba. Mwaka 2011 watafiti wa vinasaba walichapisha uchunguzi wao wa Wakomoro. Walikuta asili tatu zimesukana: Afrika, ambayo ndiyo kubwa kabisa, Mashariki ya Kati, na Asia ya Kusini-Mashariki. Kilichowashangaza ni kwamba ile ya Mashariki ya Kati haikuonekana kabisa upande wa kina mama. Waliokuja kutoka Uarabuni na Uajemi walikuwa wanaume wa biashara na dini. Wake waliwakuta hapahapa. Kila mji wa kale wa huku, kama wa kwetu, una hadithi yake ya Washirazi saba waliokuja na merikebu saba. Katika hadithi zile wanawake wa merikebuni huwa hawatajwi. Sasa tunajua sababu.

Wanaakiolojia nao walichuja udongo wa makazi ya kale, Sima ya Nzwani ikiwamo, wakakuta punje za mpunga na choroko za kati ya karne ya 8 na ya 10, mazao ya Asia, wakati watu wa pwani ya bara walikuwa wakila zaidi mtama, uwele na kunde. Yaani Waaustronesia waliotoka upande wa Indonesia, wale waliozaa lugha ya Kimalagasi, walipita hapa pia, wakapika, wakazaa, kisha lugha yao ikayeyuka ndani ya Kibantu. Wali umebaki.

*

Nikirudi kwenye hesabu, kwa kuwa watu wanapenda hesabu. Sensa ya mwaka 2017 iliwapata Wakomoro 758,316. Ngazija 379,367, Nzwani 327,382, Mwali 51,567. Itazame Nzwani. Ina kilomita za mraba 424 tu, karibu nusu ya Pemba, milima imesimama wima, mito inakauka; kila kilomita moja ya mraba watu zaidi ya 770. Ardhi nzuri ilishikwa zamani na makampuni ya mashamba ya wakoloni na mabwana wa mjini, wamatsaha wakasukumwa Nyumakele wakalime miteremko. Nani atashangaa kwamba Wanzwani wametapakaa kila kisiwa, na kwamba mwaka 1997 kisiwa kilijitangazia kujitenga na hata bendera ya Ufaransa ikapandishwa? Katiba ya mwaka 2001 ikaweka urais kwa zamu, kisiwa baada ya kisiwa. Zamu ilivurugwa baadaye, lakini inakwambia mpasuko wa kweli wa nchi hii uko wapi. Haupo baina ya Makoa na Antalaotra. Upo baina ya kisiwa na kisiwa. Wasomaji wa bara watakumbuka mwezi Machi 2008 askari wetu wa Tanzania, pamoja na wa Sudan, walishuka Nzwani kwa jina la Umoja wa Afrika kumwondoa Kanali Mohamed Bacar.

Sensa inahesabu visiwa vitatu. Bendera inahesabu vinne: nyota nne, mistari minne, na ule mweupe ni wa Maore. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilitaka uhuru, Maore wengi wakasema hapana, na uhuru ulipotangazwa tarehe 6 Julai 1975 Ufaransa ikabaki na Maore yake, ambayo tangu mwaka 2011 ni mkoa wake kamili. Mwaka 1995 ikawekwa viza. Kutoka Nzwani kwenda Maore ni kama kilomita 70, na watu waliokuwa wakivuka kwenda harusini na kurudi wakaanza kuvuka usiku, kwa mashua ndogo zinazoitwa kwassa-kwassa. Waliozama hawana idadi inayokubalika. Na sensa ya Wafaransa ya mwaka 2017 ilikuta karibu nusu ya wakazi wa Maore ni raia wa kigeni. Wageni hao ni nani? Karibu wote ni Wakomoro. Mtu ana shangazi Maore, ana shamba la babu Maore, anasema lugha ya Maore, na ni mgeni.

Sasa chukua upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya kuuza uraia, na makumi ya maelfu ya pasi za Komoro zikachapishwa, nyingi kwa ajili ya bidun wa Falme za Kiarabu, watu waliozaliwa kule na kuishi kule bila uraia wa nchi yoyote. Wakapewa Ukomoro kama mtu anavyopewa koti la kuazima. Hawakusafiri. Kashfa ya fedha zake ilimfikisha mahakamani rais wa zamani, Ahmed Abdallah Sambi, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022. Kwa hiyo yuko mtu Abu Dhabi ambaye kwa karatasi ni Mkomoro na hawezi kuitafuta Moroni kwenye ramani, na yuko mama mkubwa, ambaye anaijua kila ngazi ya mji huu na bado anaitwa Mzanzibari.

*

Ijumaa moja alinipeleka kijijini kwenye sherehe. Wanaume walikaa bangwe, ule uwanja wa mji wa Kingazija. Nilimwona mzee mmoja, mvi tupu, mwalimu mstaafu niliambiwa, amekaa nyuma kabisa pamoja na vijana. Mbele yake, kwenye viti vya heshima, amevaa joho lililodariziwa, kijana wa miaka arubaini anayefanya kazi Ufaransa. Nikadhani wamekosea kupanga viti.

Mama mkubwa akaninong'oneza: "Yule mzee hajafanya anda." Yaani hajafunga ile ndoa kubwa, ndola nkuu, ya kuchinja ng'ombe na kutoa dhahabu na kulisha mji mzima, ambayo mtu huitafutia pesa miaka ishirini. Kabla ya hapo wewe ni mwana mji, hata uwe na miaka themanini. Ukishafanya unakuwa mdru mzima. Mtu mzima, kwa maana ya mtu aliyekamilika. Nilimtazama yule mwalimu muda mrefu. Alikuwa anagawa maji.

Nyumba ambamo mwanamume wa Ngazija anaoa si yake. Ni ya mke, imejengwa na ndugu wa mke, na ardhi ya manyahuli inapita kwa wanawake, haiuzwi. Ukoo unafuata mama. Nilipomwambia mama mkubwa kwamba kwenye fomu za kwetu kabila hufuata baba, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. "Sasa wewe unamtafuta bibi mzaa mama kwenye orodha ya wanaume?"

Siku ya kuondoka alinifungia kipande kikubwa cha mkatre wa siniya kwenye jani la mgomba, na juu yake gazeti. Mchele wa kusaga, tui la nazi, iliki. Kwa ndege hadi Dar es Salaam, kwa boti hadi Unguja, mkoba mzima ukawa unanukia. Bandarini kijana aliyekuwa anakagua mizigo akaufungua, akaninusia.

"Hiki nini?"

"Mkate wa kumimina," nikasema, akaniruhusu nipite.

Nyumbani mama aliukata, akaonja pembe moja, akatafuna pole pole. Akasema huu wa Kingazija huu, sukari wamezidisha. Nikamwambia hapana mama, wa Kinzwani. Akanitazama, akachukua kipande cha pili.